Kilichomliza ni kofi au taulo?

"Shikamoo. Mimi ni muuguzi mkunga, nina miezi saba kwenye zahanati ya kijijini. Zamu za leba tuko wawili tu, mimi na dada mmoja mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka ishirini. Ananifundisha mengi na ninamheshimu sana. Shida ni kwamba nilichojifunza chuoni na anachofanya yeye ni vitu viwili tofauti. Mtoto akichelewa kulia anamshika miguu, kichwa chini, anampiga mgongoni na kwenye nyayo, na kweli wengi wanalia. Kitovu anakata papo hapo, anasema damu ikizidi mtoto atapata manjano. Wote anawanyonya mdomoni na puani kwa kile kipira, hata wanaolia. Halafu anawaogesha, kwa sababu bibi zao hawataki kumpokea mtoto na 'ule uchafu'. Mwezi uliopita alizaliwa mtoto wa kiume, hakulia. Tulimpiga, tukamsugua, tukamnyonya. Nilipokimbilia ambu, ule mfuko wa kuminya wa kumpa mtoto hewa, ilikuwa kabatini, ina maski ya mtu mzima. Nilipomgusa kitovu moyo ulikuwa unapiga, lakini hatukumpata. Kitabuni imeandikwa amezaliwa mfu. Dada ananiambia mambo ya chuo yaishie chuoni, na yeye amezalisha maelfu. Nani yuko sahihi? Na yule mtoto, angepona?"

Marahaba, mdogo wangu. Umeuliza maswali mawili, lakini naona la mwisho ndilo lililokuandikisha barua hii, kwa hiyo ninaanza nalo.

Hakuna mtu anayeweza kukuambia kwa hakika kwamba mtoto yule mmoja angeishi. Hatujui alikosa hewa kwa muda gani kabla hajatoka tumboni, na wapo wanaofika wakiwa wamechoka mno. Ila kuna jambo moja ambalo uliligusa kwa vidole vyako mwenyewe: moyo ulikuwa unapiga. Mtoto ambaye moyo wake unapiga hakuzaliwa mfu. Alizaliwa hai, hapumui. Kundi hilo lina dawa, na wengi wao wakipewa hewa mapema hupumua. Kuhusu kile kilichoandikwa kitabuni nitarudi baadaye.

Sasa kofi. Hili ninaliongea bila kumnyooshea dada yako kidole, maana na mimi nimelipiga. Nilipoanza kazi, katika hospitali ambayo sitaitaja, kumning'iniza mtoto miguu juu ndivyo tulivyoelekezwa na waliotutangulia, nao walielekezwa hivyohivyo. Mtoto alikuwa analia, mama anafurahi, nasi tunaamini mikono yetu ndiyo iliyomwita. Ilinichukua miaka kuelewa kwamba wengi wa watoto wale wangelia kwa kufutwa na taulo tu.

Mtoto akiwa tumboni mapafu yake yamejaa maji. Hewa anaipata kupitia kondo la nyuma na kitovu. Anapozaliwa na kuvuta pumzi za kwanza, hewa inayasukuma yale maji yaingie kwenye nyama ya mapafu na kufyonzwa, mishipa ya mapafu inafunguka, na damu inaanza kupita njia ambayo haijawahi kuipita kwa wingi. Kazi hiyo kubwa inafanyika ndani ya sekunde chache, na watoto wengi sana wanaifanya bila msaada wetu.

Uchungu ukiwa mgumu, kitovu kikabanwa au kondo likachoka, oksijeni ya mtoto inapungua. Mwanzoni anajaribu kupumua harakaharaka, kisha ananyamaza. Tukiite kimya cha kwanza. Moyo unapungua kasi lakini damu bado inasukumwa vizuri, na mtoto akiguswa, akifutwa, akisuguliwa mgongo, anaamka na kulia. Upungufu ukiendelea, anavuta pumzi chache dhaifu za kukwamakwama, kisha ananyamaza tena. Hicho ndicho kimya cha pili. Hapo hata ukimpiga kofi, ukimmwagia maji ya baridi au ukimsugua mpaka ngozi iwe nyekundu, haamki. Kinachomrudisha ni hewa inayosukumwa ndani ya mapafu yake, basi.

Tatizo letu sisi wakunga ni kwamba vimya hivi viwili vinafanana. Wote wawili wamelegea, wana rangi ya bluu au weupe, wako kimya. Na kwa kuwa mambo haya yanaweza kuanza mtoto akiwa bado tumboni, mtoto anaweza kuzaliwa tayari yuko kwenye kimya cha pili. Huwezi kujua kwa macho. Unajua kwa kumfuta na kumsugua kwa muda mfupi tu, na asipoitikia unampa hewa.

Hebu tuuhesabu uzoefu wa dada yako. Katika kila watoto 100, karibu 85 hupumua wenyewe ndani ya nusu dakika hivi. Wengine kama 10 huitikia wakifutwa na kusuguliwa. Wanaobaki, kama 3 mpaka 5, wanahitaji ambu, na chini ya 1 anahitaji zaidi ya hapo. Kwa hiyo mkunga anayepiga makofi ataona watoto zaidi ya 90 katika 100 wakilia baada ya kofi. Ushahidi huo ameuona kwa macho yake, tena mara maelfu, ndiyo maana maneno yako ya chuoni hayampenyi. Lakini kofi limekuwa likijichukulia sifa za taulo. Na wale wachache ambao halikuwasaidia ndio hasa waliokuwa wanatuhitaji sisi, na dakika yao tuliitumia kuwapiga.

Kumning'iniza mtoto kichwa chini kunapeleka damu nyingi kichwani, ambako mishipa yake ni laini, hasa kwa njiti. Mtoto anapoa kwa sababu ana maji na hajafunikwa. Lakini hasara kubwa ni muda. Hospitali ya Haydom kule Manyara waliwafuatilia watoto waliohitaji ambu, na matokeo yakatoka mwaka 2012: kila sekunde 30 za kuchelewa kuanza kumpa mtoto hewa ziliongeza kwa asilimia 16 hatari ya kufa au kulazwa muda mrefu. Sekunde thelathini si nyingi. Ukienda kabatini na kurudi zimeisha.

Kwa hiyo mtoto akitoka, mweke juu ya tumbo la mama na mfute kwa kitambaa kikavu, kichwa, mgongo, miguu, kwa nguvu ya wastani. Kitambaa kilicholowa kitupe pembeni, mfunike kwa kingine. Kama hajapumua, sugua mgongo kando ya uti mara mbili tatu. Kitovu bado hujakikata. Bado kimya? Bana, kata, mpeleke mezani, anza ambu. Yote hayo yaishe ndani ya dakika moja tangu azaliwe.

Mezani, kichwa kikae kimenyooka, kidevu kimeinuka kidogo. Shingo isijikunje mbele wala isivunjwe nyuma. Kitambaa kilichokunjwa chini ya mabega kinasaidia. Maski ifunike kidevu, mdomo na pua, isikanyage macho. Minya kwa mdundo wa pumzi kama 40 kwa dakika: "minya, mbili, tatu, minya, mbili, tatu", na uhesabu kwa sauti kwa sababu hofu inatufanya tuminye mbiombio. Macho yako yawe kifuani. Kifua kisipopanda, bado hujampa hewa, hata ukiminya mpaka mkono ufe ganzi. Rekebisha kichwa, kaza maski, angalia kama mdomo una uchafu, fungua mdomo kidogo, minya zaidi. Karibu kila ninapoitwa "mtoto haitikii ambu" nakuta hewa inavuja pembeni ya maski.

Na msisitesite kwa sababu mtungi wa oksijeni hamna. Hewa ya kawaida ya chumba inatosha kuanzia kwa mtoto aliyetimiza miezi. Nimesikia wakunga wakisema "tungefanya nini, hatuna oksijeni", huku ambu nzima iko kwenye droo.

Kunyonya kwa kipira ni mazoea magumu kuachika kuliko hata kofi, kwa kuwa yanaonekana ya kitaalamu. Mtoto anayelia ameshasafisha njia yake mwenyewe. Ukiingiza kipira mpaka nyuma ya koo unagusa mshipa wa fahamu unaoweza kupunguza mapigo ya moyo na kumfanya aache kupumua. Yaani unaweza kumnyamazisha mtoto aliyekuwa mzima. Shirika la Afya Duniani linaelekeza tuache kuwanyonya watoto wanaopumua wenyewe. Nyonya pale tu ambapo mtoto hapumui vizuri na unaona kitu kimeziba, kama kinyesi kizito au damu. Anza mdomoni kisha puani. Ukianza puani anashtuka na kuvuta ndani kilichoko mdomoni.

Halafu kuna Apgar. Wengine wanasubiri dakika moja iishe wahesabu alama ndipo waamue. Alama ile ni ya kuandika hali ya mtoto kwenye dakika ya 1 na ya 5, haikuwekwa ituambie lini tuanze ambu. Anayesubiri alama ameshachelewa. (Na tukiwa wakweli, vitabu vingi vya leba vimejaa "8/10, 10/10" zilizoandikwa saa sita baadaye na mtu aliyechoka.)

Kwenye kitovu dada yako hajakosea kila kitu. Kweli, watoto wanaochelewa kukatwa kitovu hupata manjano ya kuhitaji tiba ya mwanga kwa kiasi kidogo zaidi ya wengine. Lakini pima pande zote mbili. Mtoto wa kilo 3 ana damu kama mililita 250 tu. Ukisubiri dakika 1 mpaka 3 kabla ya kubana, anapokea kutoka kwenye kondo mililita 80 hadi 100 hivi, karibu kikombe kimoja cha kahawa ya barazani. Kwetu sisi ni kikombe. Kwake ni sehemu kubwa ya damu yote aliyonayo, na chuma kilichomo kinamkinga na upungufu wa damu kwa miezi kadhaa. Nchi yetu, yenye malaria na watoto wengi weupe macho kabla ya mwaka mmoja, haiwezi kumwaga kikombe hicho kwenye ndoo ya kondo. Kusubiri hakumwongezei mama kutokwa damu, na hata mama anayeishi na virusi vya Ukimwi tunasubiri vilevile. Sindano ya oksitosini, ile ya kuzuia mama asitokwe na damu nyingi, uniti 10, mpe mama ndani ya dakika ya kwanza baada ya kupapasa na kuhakikisha hakuna pacha. Kitovu kinaweza kuendelea kusubiri huku umeshamchoma. Asiyesubiriwa ni yule tu anayehitaji ambu.

Manjano yakionekana siku ya kwanza yenyewe usiyasingizie kitovu. Huo ni ugonjwa, mtoto aende hospitali.

Baada ya kukata, kitovu kiachwe kikavu na kisafi. Majivu, vumbi la ukutani, kinyesi cha ng'ombe, mafuta ya taa, vyote hivyo vinaleta pepopunda na maambukizi, na mama aambiwe hilo kabla hajaruhusiwa, bibi akiwa anasikia.

Tuje kwa bibi. Ule utando mweupe, sehemu nyingi watu wanaamini ni mbegu za baba, kwamba wenzi hawakujizuia mimba ilipokuwa kubwa. Mama anatazamwa vibaya. Najua wakunga wengi wanaomwogesha mtoto haraka si kwa kutojua, wanamstiri mama. Nia hiyo ni njema na naiheshimu. Lakini utando ule umetengenezwa na ngozi ya mtoto mwenyewe, ni mafuta yake na seli za ngozi zilizobanduka, unamkinga na vijidudu na ukavu. Ndiyo maana mtoto aliyepitiliza tarehe mara nyingi anatoka karibu bila utando, hata kama wazazi wake hawakujizuia hata siku moja. Hoja hiyo huwa inawachekesha mabibi, na wakishacheka wanasikiliza. Mimi nawaambia "haya ni mafuta aliyokuja nayo, tumwache ayamalize". Futa damu na kinyesi, utando uache. Kuoga kusubiri angalau saa 24.

Sababu ni joto. Mtoto mchanga anatakiwa awe kati ya nyuzi 36.5 na 37.5. Mwili wake umelowa, ana kichwa kikubwa kisicho na nywele za maana, na hajui kutetemeka kama sisi. Akipoa, anatumia sukari yake yote kujipasha, sukari ikishuka ananyonya vibaya, asiponyonya anapoa zaidi. Wenzetu wa Njombe na Lushoto wanaelewa hili haraka. Wa Dar na Tanga ndio hunibishia kwamba huku joto, kumbe mtoto amelowa na feni ya darini inampulizia. Chumba kiwe nyuzi 25 au zaidi, feni izimwe, na mahali penye joto kuliko meza yoyote ni kifua cha mama, ngozi kwa ngozi, kofia kichwani, khanga juu yao wote wawili. Akae hapo saa nzima bila kuondolewa, na titi la kwanza alipate ndani ya saa hiyo. Kupima uzito, dawa ya macho, vitamini K na chanjo vije baadaye. Havikimbii.

Sasa, kuishi na dada. Usimshinde kwa kitabu, hasa usimsahihishe mbele ya mama aliyelala kitandani. Ninakushauri upitie njia ambayo haihitaji mtu kukubali kwamba alikosea. Andaa meza wewe. Kabla ya kila uzazi, hata wa mama wa mtoto wa sita ambaye "huyu hana shida", ambu iwe mezani. Maski namba 1 kwa aliyetimiza miezi na namba 0 kwa njiti, vitambaa viwili vikavu, kofia, saa inayoonekana. Jaribu ambu kwa kubana maski kwenye kiganja na kuminya, usikie inagoma na valvu inafunguka. Mtoto akitoka, sema dakika kwa sauti: "nusu dakika… dakika moja." Mkono ulioinuka kupiga ukisikia muda unahesabiwa na ukaona ambu iko hapa, mara nyingi unaifuata ambu.

Pili, muombe mfanye mazoezi pamoja dakika tano mwanzoni mwa zamu, hata kwa mdoli wa kitambaa. Haydom walijifunza hili kwa njia ngumu. Mafunzo ya siku moja yaliwafanya wahudumu wafanye vizuri sana kwenye mdoli, lakini miezi saba baadaye kazi yao leba, kwa watoto halisi, ilikuwa haijabadilika. Mabadiliko yalikuja walipoanza mazoezi mafupi ya mara kwa mara palepale kazini, na vifo vya siku ya kwanza vikapungua. Kwa hiyo dada anaposema mambo ya chuo yaishie chuoni, ana ukweli nusu. Kujua peke yake hakuhami kutoka darasani kwenda mkononi. Yeye ana mikono iliyotulia na jicho la kuona uchungu uliokwama kabla wewe hujashtuka. Wewe una mdundo wa "minya, mbili, tatu". Mwombe yeye ndiye akusahihishe unapofanya mazoezi, utaona.

Na mkiona hilo halisogei, zungumza na mganga mfawidhi, au mratibu wa huduma za uzazi na mtoto wa wilaya anapokuja kwenye usimamizi. Usiende kumshtaki mtu. Omba mafunzo kazini kwa wote wawili na maski za watoto. Hiyo maski ya mtu mzima kabatini si kosa lako wala la dada peke yake.

Mtoto akipata pumzi baada ya ambu msimruhusu kwenda nyumbani kana kwamba hakuna kilichotokea. Akipumua zaidi ya mara 60 kwa dakika, akibonyea kifua, akikoroma, akikataa kunyonya, akistuka degedege, akiwa wa baridi licha ya kifua cha mama, au akiwa na uzito chini ya kilo 2, pigeni 115, namba ya bure ya m-mama, huduma ya usafiri wa dharura wa mama na mtoto mchanga, aende hospitali akiwa ngozi kwa ngozi na mama yake, na mmoja wenu awe na ambu mkononi ndani ya gari. Asiye na mapigo kabisa baada ya dakika 10 za hewa iliyoingia sawasawa, hapo mnaacha, na mama anaambiwa kwa upole, akiwa amekaa, akiruhusiwa kumshika.

Nirudi kwenye kitabu. Kati ya mwaka 2009 na 2011 hospitali nane za Tanzania zilifundishwa njia hii ya dakika ya kwanza. Vifo vya ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47. Lakini takwimu ninayoikumbuka zaidi ni nyingine: watoto walioandikwa "wamezaliwa wafu", ngozi ikiwa bado nzima, nao walipungua kwa asilimia 24. Ambu haifufui. Baadhi ya wale waliokuwa wakiandikwa wafu miaka yote ile walikuwa hai, kimya. Kwa hiyo mwambie mganga mfawidhi ulichokigusa, taarifa isahihishwe, na kifo hicho kiingie kwenye mapitio ya vifo vya watoto wachanga. Mapitio yale hayakuwekwa kwa ajili ya kutafuta wa kufukuzwa, ingawa najua kuna vituo yanaendeshwa hivyo. Kama ni hivyo kwenu, mwombe mratibu wa wilaya awepo. Taarifa hiyo itamsaidia pia mama yule akishika mimba nyingine. Daktari atakayemwona atataka kujua kama mtoto alifia tumboni au alitoka hai akakosa pumzi, kwa sababu maandalizi yake ni tofauti kabisa.

Na wewe tafuta mtu wa kuongea naye ana kwa ana, mkunga mkubwa wa hospitali ya wilaya au mwalimu wako wa zamani. Ukiona mwezi wa pili tangu siku ile unaingia bado hulali, au mikono inatetemeka kila kichwa cha mtoto kinapotokeza, mwone daktari. Hilo linatibika, na wapo wakunga wengi walioliacha mpaka wakaacha kazi.

Kesho asubuhi fungua lile kabati. Maski ya mtu mzima itoe, uipeleke chumba cha wagonjwa wa nje. Zile za watoto kama hazipo, andika hitaji siku hiyohiyo, maski namba 0 mbili na namba 1 mbili, na umpe dada asaini pamoja nawe.